Maana Aliyoitoa Kochi Mudiaga

Katika mitaa ya nyuma ya soko la Igbudu, mjini Warri, hapakuwa na mtu aliyejua maneno mengi ya Kiingereza kuliko Mudiaga Okotete, na hapakuwa na mtu aliyeyatumia machache kuliko yeye. Kazi yake ilikuwa kuuza vipuri vya jenereta. Mteja akifika na kipande cha chuma kilichoungua, Mudiaga hukigeuza mkononi, hukinusa, huingia ndani na kutoka na kipya, na katika shughuli hiyo yote huenda asitamke chochote zaidi ya bei. Kichwani mwake, hata hivyo, maneno yalikuwa yamejaa mpaka darini, yamepangwa kwa koo, kila ukoo na mama yake, yote kwa herufi kubwa, maana ndivyo yanavyoandikwa kwenye vigae.

Mchezo wenyewe ni skrabo, ule wa kulaza vigae vya herufi ubaoni mpaka yatokee maneno. Inasemekana kuna nchi ambako watu huucheza sebuleni na wageni huku wakisubiri chakula kiive. Warri huchezwa kama ndondi. Watu huacha kusemezana, na harusi zimewahi kuchelewa.

Mudiaga alijifunza maneno kwa ukoo. Unachukua herufi sita za neno RETINA, ambaye ndiye mama, kisha unamwongezea herufi moja na kutazama anazaa nini. Ukimpa L anazaa choo cha shimo, utumbo, ngazi ya kamba ya merikebu, na mtu anayemtegemea mwenzake. Ukimpa G anazaa jiwe gumu la kujengea na mtu asiye na shukrani. Ni ndugu wa damu, herufi zilezile, zimekaa tu kwa mpangilio mwingine. Mudiaga aliwajua wote kwa majina, usiku na mchana, mmoja baada ya mwingine kama mzazi anayehesabu watoto kwenye gati. Alijua ni ndugu. Hakujua wanafanya kazi gani. Ukiondoa choo, ambacho hakuna asiyekijua, hakuwahi kuuliza neno lolote maana yake, na aliyemuuliza alijibiwa jibu moja.

"Sijui. Mchezo hauulizi."

Hilo hakuliona aibu. Kwa wachezaji wakubwa ni kanuni ya kazi. Maana hula nafasi, na nafasi ile ingetosha neno jingine. Mtaani hawakulijua hilo. Walimwita Kochi, wakamletea barua za ardhi awasomee, na yeye alizipeleka kimya kimya kwa Wakili Okpako, mwenyekiti wa chama chao cha skrabo, kisha akazirudisha na uso wa mtu aliyechoka kusoma.

Kitu alichokitaka duniani kilikuwa suti ya michezo ya jimbo. Ni ya buluu, na mgongoni imeandikwa jina la jimbo kwa herufi nyeupe. Hupewa wachezaji wa timu ya jimbo, wale wanaokwenda mashindano ya majimbo ya kusini, na wao tu. Mudiaga alikuwa amezivaa tatu enzi zake. Ya mwisho ilikuwa imepauka magotini na bado aliivaa dukani Jumamosi, ili mteja akiuliza apate nafasi ya kujibu. Kisha wakaja vijana wenye vichwa vyepesi, na timu mbili mfululizo zikaondoka bila yeye. Mkewe, Mama Edirin, aliyekuwa mtu wa huruma lakini si ya kupitiliza, alimwambia ile suti sasa inafaa kufutia vyombo.

Mmoja wa wale wenye vichwa vyepesi Mudiaga alimtengeneza mwenyewe. Alikuwa Avwerosuo, ambaye kila mtu alimwita Rosuo, binti msusi wa nywele mwenye kibanda mkabala na duka lake. Siku ya kwanza alikuja kununua kipuri cha jenereta yake ndogo, akamkuta Mudiaga amefumba macho akitaja ukoo wa RETINA. Akasubiri kwa adabu, akidhani ni sala. Alipoelezwa, akaomba afundishwe. Tangu hapo, asubuhi kabla wateja hawajaja, Mudiaga alisimama mlangoni pa kibanda akimtajia ukoo, na Rosuo akiusuka kichwani mwa mtu huku akiurudia. Hakuwa na kitabu. Simu za wakati ule zilikuwa za kupigia tu. Kila neno alilolijua lilitoka kinywani mwa Mudiaga, na baada ya miaka miwili alikuwa akiwafunga wanaume waliokuwa wakicheza tangu yeye hajaota meno.

Alikuwa na kasoro moja, kwa maoni ya chama. Alitaka maana.

Chama kilikutana Jumapili baada ya kanisa, uani kwa Madam Isio, kwenye mkahawa wa supu ya pilipili. Rosuo alikuwa akimaliza mchezo, hata kama ameshindwa, anauliza lile neno ulilolaza lina maana gani. Wanaume walifurahi sana.

"Maana inaliwa na usi?" mmoja alimuuliza, usi ukiwa ugali wao wa wanga wa muhogo.

"Wewe kwani jina la mkeo unalijua maana yake, au unaliita tu?" akajibu Rosuo, na ua mzima ukamcheka yule bwana, kwa sababu jina la mkewe lilikuwa la Kiyoruba na kweli hakulijua.

Asipopata jibu uani, alimuuliza nesi, au mchungaji, au mwalimu yeyote aliyekaa kwenye kiti chake akiwa na nusu kichwa kimesukwa na hawezi kuondoka. Maana akishaipata aliigawa kwa wateja. Wanawake wa Igbudu walikuja na vichwa vyao na kuondoka na neno.

"Kochi," alimwambia Mudiaga mara moja, "wewe unajua watu wote mjini na hujawahi kuingia nyumbani kwa hata mmoja."

Mudiaga alilichukulia kama sifa.

Sasa ni lazima kusema jambo moja la sheria, kwa sababu bila hilo aibu ya Mudiaga haieleweki. Katika skrabo unaruhusiwa kulaza neno la uongo. Si wizi. Mpinzani wako akilitilia shaka, anasimamisha saa na kusema "napinga", linatafutwa kitabuni, na lisipokuwamo unaliondoa na zamu yako imekwenda. Likiwamo, yeye ndiye anayekatwa pointi tano kwa kukusumbua. Asipopinga, basi, limekuwa neno. Na uani kwa Madam Isio kulikuwa na desturi juu ya sheria: neno la uongo likishapita ni siri ya aliyelilaza. Waliolitambua hunyamaza, hata kwa ndugu, kwa kuwa huenda mwenyewe akataka kulitumia tena.

Siku ya mchujo wa timu, nafasi ya mwisho ilibaki kwa watu wawili, na watu wenyewe walikuwa Mudiaga na Rosuo. Rosuo aliongoza karibu mchezo mzima. Mudiaga alikuwa na herufi sita za RETINA mkononi, mkono ambao mchezaji huuomba kwa Mungu, na ya saba ilikuwa V. Alimpa mama ile V, akampindua huku na kule, akamtafutia mtoto katika kila pembe ya kichwa. Hakuwapo. Mudiaga alijua hayupo kama unavyojua chumba ni kitupu kabla ya kuwasha taa.

Akalaza VARTINE.

Hakulilaza kwa woga. Aliviweka vigae kimoja kimoja, akavinyoosha kwa kidole vikae sawa, akaandika pointi zake, ambazo zilikuwa nyingi kwa kuwa ukimaliza vigae vyote saba unapewa zawadi, kisha akaingiza mkono mfukoni mwa vigae na kuchukua vingine, akitazama mawingu. Haya yote ni sehemu ya mchezo. Rosuo aliliangalia neno. Mkono wake ulikwenda mpaka karibu na saa, ukasimama hewani. Kisha akainua macho, akamtazama Mudiaga, na uso wake ukatulia. Akaurudisha mkono. Aliamini Kochi alikuwa na ndugu katika ule ukoo ambaye hakupata kumtambulisha, hilo tu.

Mudiaga alishinda kwa tofauti ndogo. Watu walimpiga mgongoni. Rosuo alimpa mkono, akashukuru kwa mchezo kama inavyotakiwa, halafu akauliza, kama kawaida yake.

"Kochi, lile la V. Maana yake nini?"

Uani pakawa na kicheko kilekile cha kila Jumapili. Jibu lilikuwapo, limekaa ulimini, la maneno matatu, alilolitoa mara mia. Mudiaga hakulitoa. Baadaye alijitetea moyoni kwamba alimwona amevunjika akataka kumpa kitu. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba mtu aliyelaza neno la uongo huona "sijui" ni hatari, linafungua mlango. Macho yake yaliangukia kamba ya kuanikia nguo ya Madam Isio, iliyokuwa imefunguliwa fundo siku hiyo.

"Ni ile alama inayobaki kwenye kamba," akasema, "ukishafungua fundo. Ule mkunjo. Kamba imekuwa huru lakini bado inakumbuka."

Kicheko kikaisha. Rosuo akajishika nywele.

"Nywele," akasema. "Kochi, ndivyo nywele zinavyofanya ukifumua misuko. Zile zenye mawimbi mawimbi. Kumbe zina jina. Miaka yote hii nafumua watu vichwa, na kumbe zina jina."

Ilikuwa mara ya kwanza Mudiaga kumpa maana ya neno.

Jioni ileile Wakili Okpako alimsindikiza mpaka barabarani, akamshika bega. Alikuwa mtu wa kupenda ustadi popote alipoukuta, hata kwa wateja wake waliofungwa.

"VARTINE," akasema polepole, kama mtu anayeonja supu. "Tamu sana, Kochi. Nilitaka kupiga makofi."

"Ilikuwa halali," akasema Mudiaga.

"Kwani nani kasema si halali?"

Hakuna aliyekuwa amesema. Hilo ndilo lililomsumbua njiani.

Neno likaanza kazi. Mama Edirin alikwenda kufumua nywele, akarudi nyumbani kichwa wazi, akajitazama kwenye kioo cha ukutani.

"Baba Edirin, hebu niangalie. Nichane au niache vartine yangu ikae kidogo?"

Mudiaga alikuwa anakula. Akauliza ameitoa wapi hiyo.

"Kwa Rosuo. Si wewe uliyempa? Wanawake wote sokoni wanaisema. Mke wa mchungaji kaiacha yake mpaka Jumapili, kapanda nayo madhabahuni." Akageuza kichwa upande wa pili. "Mimi nilikuwa nadhani huo mchezo wenu ni wa watu waliokosa kazi. Kumbe kuna vitu vya maana humo. Miaka yote hujaniambia hata kimoja."

Alikuwa hajamsifu tangu mtoto wao wa mwisho azaliwe. Mudiaga alisema chumvi imezidi, kisha akala chote.

Ile suti mpya ya buluu aliletewa ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Aliijaribu, ikamkaa vizuri, akaivua. Jumamosi iliyofuata alikwenda dukani na ile iliyopauka.

Basi ikatokea kwamba mchezaji mmoja wa timu alipata safari ya Kanada, kwa mke wake, na watu wa namna hiyo hawangoji mashindano. Nafasi yake akapewa Rosuo. Mtaa ulifurahi. Mudiaga naye alifurahi, kwa muda wa kama kumaliza kikombe cha chai, mpaka alipofikiri kwamba kule Benin City, mashindano yanakofanyika, hakuna desturi ya uani kwa Madam Isio, kuna mashine ya kukagua maneno, na wapinzani hawana sababu ya kumwamini mtu yeyote.

Kwa hiyo alikuwa na jambo moja la kufanya, tena jepesi. Avuke barabara na kumwambia: lile neno usilicheze. Hata sababu hazikutakiwa. Angesema limefutwa, maneno hufutwa. Lakini Rosuo angeuliza limefutwa na nani, na kama neno limefutwa, maana yake imekwenda wapi. Siku kadhaa alivuka barabara na kununua mkate ambao haukuhitajika.

Siku moja kabla ya safari aliingia kibandani. Rosuo alikuwa anamfumua mama mmoja mnene muuza samaki wakavu, na wengine wawili walikuwa kwenye benchi wakisubiri.

"Huyu ndiye," Rosuo akawaambia, kabla hajafungua mdomo. "Huyu ndiye Kochi wangu. Lile neno ni lake."

Mama wa samaki alimgeukia kwa heshima, akiwa amefumuliwa nusu, upande mmoja misuko na upande mmoja mawimbi.

"Oga, Mungu akubariki," akasema, oga likiwa neno lao la kumwita bwana mkubwa. "Mume wangu alikuwa ananiambia nikifumua nachekesha, kama mbuzi aliyenyeshewa. Sasa namwambia hii ni vartine, ni Kiingereza, nenda shule. Kanyamaza."

Wa kwenye benchi wakacheka mpaka wakashikana. Mmoja akasema yeye anataka iliyo ndefu, mpaka mabegani. Rosuo alikuwa akimtazama Mudiaga na uso wa mtu anayeonyesha baba yake kwa wageni.

"Ulikuwa unasema, Kochi?"

Mudiaga aliuliza kama ile jenereta siku hizi inawaka vizuri. Iliwaka vizuri. Akasema basi sawa, akatoka.

Ukumbi wa Benin ulikuwa wa shule, na madirisha mapana na feni zilizozunguka wakati umeme ulipopenda. Siku ya pili mchana, jimbo lao lilikuwa limekaa vizuri kiasi kwamba mechi moja tu iliamua kama watarudi na medali ya shaba au na salamu. Mechi hiyo ilikuwa ya Rosuo, dhidi ya kijana mmoja wa jimbo la Edo aitwaye Osaretin, mwembamba, aliyecheza akiwa amevaa vipuli vya muziki visivyounganishwa na kitu. Mudiaga alikuwa amemaliza mchezo wake mapema, kwa kushindwa, akasimama nyuma ya kamba ya watazamaji, mahali alipoweza kuona kibao cha vigae vya Rosuo. Nyuma ya kamba hairuhusiwi kusema, kukohoa kwa namna ya pekee, wala kuinua nyusi.

Aliiona V ikiingia mkononi mwake. Mchezaji yeyote mwenye akili timamu huitoa V haraka, ni herufi ya mikosi. Rosuo hakuitoa. Alicheza vigae vidogo vidogo pembeni, neno la herufi mbili, neno la herufi tatu, akapoteza pointi ambazo angeweza kuzichukua, na kila alipoingiza mkono mfukoni alirudi na mtoto mwingine wa ukoo ule. Mudiaga akaelewa kwamba Rosuo hakuwa amebahatika kuupata mkono ule. Alikuwa anautafuta. Alilipenda lile neno, akataka kulilaza mbele ya watu wazima.

Ikaja N. Rosuo akavipanga vigae saba kwenye kibao, akavitazama, na akatabasamu peke yake.

Mudiaga angeweza kupiga kelele. Wangemtoa ukumbini, wangeifuta mechi, jimbo lingeaibika, yeye asingeruhusiwa kucheza tena popote. Aliyapima haya yote kwa utulivu wa kushangaza, na alipomaliza kuyapima vigae vilikuwa ubaoni, kimoja kimoja, vimenyooshwa kwa kidole. Alimfundisha hata hilo.

Osaretin akatoa kipuli kimoja sikioni.

"Napinga."

Wakaenda wote wawili kwenye mashine, kama inavyotakiwa. Kijana akaandika, Rosuo akahakikisha herufi, akabonyeza mwenyewe. Kioo kikawa chekundu.

Hapo mchezaji hurudi mezani, huondoa vigae vyake, na maisha huendelea. Rosuo hakurudi mezani. Alimwambia mwamuzi, mama mmoja wa Calabar mwenye miwani ya kamba, kwamba mashine imekosea. Yule mama akamweleza kwa upole kwamba mashine haina tabia hiyo. Rosuo akasema basi ni ya zamani. Akasema neno hilo lipo, analijua, anajua hata maana yake, na akaisema maana yake kwa sauti, alama inayobaki kwenye kamba fundo likishafunguliwa, mbele ya meza zote, na watu wakaacha kucheza ili wasikilize. Mtu wa upande wa Edo akasema, si kwa sauti ya chini, kwamba leo Warri imeshika mkia halafu inaueleza mkia wenyewe. Kicheko kikapita ukumbini.

"Mnacheka nini?" Rosuo aliwageukia. "Kochi wangu yule pale. Alilicheza kwenye mchujo, mimi mwenyewe nikiwa mbele yake. Mwulizeni."

Mwamuzi hakulazimika kumuuliza mtu nyuma ya kamba. Sheria haimtambui mtu aliye nyuma ya kamba. Lakini alikuwa mwanamke mwungwana, na pengine alichoka, na akageuza miwani yake kuelekea kwa Mudiaga. Ukumbi mzima ukageuka. Mudiaga alikuwa amevaa ile suti mpya, timu nzima ililazimika kuivaa, na jina la jimbo lilikuwa mgongoni, upande usioonekana. Mbele alikuwa yeye tu.

Palikuwa na majibu kadhaa. Angeweza kusema hakumbuki. Aliliona jibu hilo, lilikuwa zuri, na kwa sekunde moja alikuwa nalo mdomoni.

"Si neno," akasema.

Rosuo alirudi mezani, akaviondoa vigae kimoja kimoja, akaumaliza mchezo hadi kigae cha mwisho, akashindwa, akampa Osaretin mkono na kumshukuru. Yule kijana, kwa heshima yake, hakucheka.

Mudiaga alimkuta nje, kando ya matangi ya maji, amekaa kwenye ukingo wa saruji. Alisimama mbali kidogo. Alisema kwamba lilikuwa ni lake yeye, la mchujo, alilitunga, na kwamba sheria, kama anavyojua mwenyewe, inaruhusu.

"Najua sheria," akasema Rosuo. "Neno halinilizi. Mimi mwenyewe Wakili nimemlisha uongo mara mbili, mpaka leo hajui. Ningelijua siku ile ningekupigia makofi." Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Maana, Kochi. Ile maana nani alikuomba?"

"Wewe uliniuliza."

"Nakuuliza kila siku. Kila siku unaniambia hujui. Siku moja tu ndiyo ukajua, na siku yenyewe ilikuwa ile?"

Mudiaga alifikiri kumwambia habari ya kamba ya Madam Isio, na kwamba ile maana haikuwa uongo kabisa, mkunjo ule upo, kila mtu ameuona. Akaona kwamba hilo lingeharibu zaidi.

"Nimewaambia watu," akasema Rosuo. "Mke wa mchungaji nimemwambia. Yule mama wa samaki anamwambia mumewe aende shule." Akainuka, akajikung'uta. "Mimi ndiye sijaenda shule, Kochi. Hata mimi ningecheka nyuma ya kamba pale, kama ningekuwa mtu mwingine."

Walirudi Warri na nafasi ya nne. Hakuna aliyemlaumu Mudiaga. Wakili Okpako alisema kwenye kikao kwamba ni bahati mbaya, kwamba mchezaji anapaswa kuhakikisha maneno yake mwenyewe, na kwamba desturi ya chama haikuvunjwa na mtu. Kila alilosema lilikuwa sahihi. Mudiaga aliomba moyoni mtu mmoja asimame amtukane, ua mzima ukanywa supu.

Jumapili iliyofuata majina yalipigwa kura kama kawaida, na Mudiaga akaangukia kwa Rosuo. Rosuo alikuja, akaketi, akamsalimia kwa adabu anayostahili mtu wa umri wake. Mudiaga alianza. Alilaza neno dogo la Kiingereza, lile la paka.

Rosuo akasimamisha saa.

"Napinga."

Watu walicheka, wakadhani ni mzaha, na hata Mudiaga alijaribu kutabasamu. Wakili Okpako akafungua kitabu kikubwa cha maneno, akasema limo. Rosuo akakatwa pointi tano, akaandika mwenyewe, akawasha saa. Zamu ya Mudiaga iliporudi akalaza jingine. Rosuo akanyoosha mkono kwenye saa. Napinga. Kitabu kikafunguliwa. Kwenye neno la tatu waliokuwa wanacheka walikuwa wameacha, na waliokuwa meza nyingine walikuwa wamegeuza viti.

Mudiaga alijaribu kumsaidia. Aliacha maneno makubwa, akatafuta yale ambayo mtu angeona haya kuyapinga, ya watoto wa chekechea, nyumba, mkono, maji. Rosuo aliyapinga. Akalaza neno la mama, ambalo kwa Kiingereza na kwa nusu ya lugha za dunia ni mama. Rosuo akapinga mama. Na kwa kuwa sheria ni sheria, Wakili Okpako akavaa miwani, akamtafuta mama kitabuni kwa kidole, akathibitisha kwamba yumo.

Aliposhinda, Mudiaga alishinda kwa tofauti kubwa kuliko zote za maisha yake. Hakuna aliyempiga mgongoni. Rosuo akampa mkono, akashukuru kwa mchezo. Hakuuliza maana ya neno hata moja.

Ikawa hivyo kila walipokutana. Aliwachezea wengine kama zamani, kwa utani na ukali wake, na wengine aliwauliza maana. Wakili alimshauri Mudiaga pembeni kwamba kama inamkera anaweza kuleta hoja kwenye kikao, mchezaji asipinge zaidi ya mara kadhaa. Mudiaga alisema hapana, inaruhusiwa. Nyumbani Mama Edirin alimuuliza kwa nini bado anakwenda huko, na yeye akasema ni Jumapili, angekwenda wapi.

Akaenda. Rosuo alikuwa ameshaketi, anachanganya vigae ndani ya mfuko. Mudiaga akachukua vyake saba, akavitazama muda mrefu, akalaza neno la herufi tatu katikati ya ubao, akaandika pointi zake, akasubiri mkono uende kwenye saa.

Ukaenda.